Mchanga Mweusi wa Chini ya Meza

Machi 4
Mvua imeanza leo, nami nimeanza kuandika. Daftari kaninunulia binti yangu, Chiriku. Anasema tangu ipangwe siku ya harusi yake namwambia jambo moja mara tatu tatu, afadhali niliambie daftari, lenyewe halichoki. Hilo jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya domo lake, na leo ndiye anayenifundisha mimi kunyamaza! Zawadi nimeipokea hata hivyo.

Harusi ni mvua zikikatika. Pete atavaa ya dhahabu ya mto, kama niliyovaa mimi, na kama aliyovaa Shangazi, ambaye sasa hivi yuko chumba cha nyuma analalamika bati linavuja. Baba yangu alikuwa sonara na karakana hii ni yake. Dhahabu za wateja alizitia shaba kidogo zipate ugumu, maana dhahabu peke yake ni laini, ukiiuma inabaki na alama ya jino. Lakini pete ya bibi harusi wa nyumba hii alifua dhahabu asilia, vile vile ilivyotoka mtoni, bila kutiwa kitu, na sharti iwe imechekechwa mvua za mwaka huo huo. Chiriku alipozaliwa, Baba alimpakata akasema ya huyu ataifua mwenyewe. Mtoto alikuwa hajaanza kutembea vizuri Baba alipotuacha. Kwa hiyo kazi ni yangu.

Machi 7
Mto umefurika. Nimetengeneza mpini wa nyundo na kugombana na paka.

Machi 10
Mchumba amekuja kusalimia. Anachomelea mageti na madirisha, na mtaa mzima unamwita Cheche. Sina neno baya juu yake, ila ni mkubwa mno kwa karakana yangu. Alipogeuka aliangusha kopo la tupa, alipoinama kuziokota akaangusha kigoda. Nilikuwa nimeshika roho mkononi.

"Shikamoo, Mama. Nimekuletea kitu," akasema, akafungua leso. Ndani mlikuwa na kijiwe cha manjano, pembe zake zimenyooka kama zilizokatwa kwa rula, kinametameta. Alikiokota kwenye kokoto za ujenzi.

"Hii ni nini?"

"Dhahabu, Mama. Ya pete."

Nilikiweka juu ya fuawe nikampa nyundo. "Piga."

"Nipige?"

"Piga tu."

Akapiga. Kijiwe kikawa ungaunga, karakana ikanuka kiberiti kilichowashwa. Dhahabu ungeipiga ingelala tu, ukazidi kupiga ingezidi kutandaa mpaka iwe nyembamba kuliko karatasi, isingevunjika. Nilimwambia hicho ni chuma na salfa, kinawadanganya wengi.

"Basi Mama, ndiyo bahati yangu," akasema huku anafuta unga kwa kiganja. "Hata nikitafuta dhahabu naokota chuma."

Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilijikaza, nikaja kucheka jikoni baada ya kijana kuondoka.

Machi 15
Mto umepungua, tumekwenda na Chiriku. Tunachota ndani ya kona, pale maji yanapopunguza mwendo, maana kitu kizito huko ndiko kinakotua. Unazungusha karai, unaliinamisha kidogo, mchanga mwepesi unatoka na maji, hadi unabaki ule mweusi wa chini. Dhahabu imo humo, nyingi yake ni vumbi tu usiloliona bila kulitafuta.

Hatuitoi. Hilo nalo ni la Baba. Mchanga mweusi wote wa msimu unawekwa kwenye beseni kuukuu chini ya meza ya kazi, unafunikwa maji, na hakuna kuchungulia mpaka mvua zikatike. Alikuwa akisema mtu anayehesabu punje zake kila jioni ataanza kuota. Isitoshe, vumbi linatengwa vizuri likiwa pamoja, siku ya jua, kwa subira. Ukiliona beseni lenyewe utadhani kuna mtu kaoshea baiskeli.

Machi 16
Mgongo, jamani.

Machi 24
Tumekwenda tena, safari hii Cheche alikuja kutubebea makarai. Kubeba anajua. Kuzungusha karai hajui, alimwaga kila kitu mtoni, chenye thamani na kisicho nayo. Akaniuliza dhahabu inatoka wapi.

"Mtoni," nikamwambia.

"Na huko mtoni inatoka wapi?"

"Mlimani."

"Na mlimani je?"

Nikajifanya sijasikia. Chiriku alininunia njia nzima. "Mama, ungemweleza tu."

"Mtu wa mageti ataelewa wapi?"

"Ukimweleza ataelewa!"

Nitalieleza daftari basi. Chini sana ya mlima kuna maji ya moto yanayopenya kwenye nyufa za mwamba yakiwa yamebeba dhahabu, imeyeyukia ndani yake kama chumvi. Yakipanda juu yanapoa, yanaiacha humo ndani ya ufa, pamoja na lile jiwe jeupe gumu. Inakaa huko zama na zama, mpaka mvua na jua vimomonyoe mlima. Jiwe linasagika, dhahabu haisagiki, inagongwagongwa tu na kuviringishwa hadi inatufikia sisi na makarai yetu. Na haiji peke yake, ina fedha ndani yake, ndiyo maana dhahabu ya mto wetu ni ya manjano iliyopauka. Nikiona punje yake popote naijua. Napenda sana kuieleza habari hii. Sijui kwa nini nilimnyima.

Aprili 2
Mvua mchana kutwa. Mteja mmoja, hereni moja, nyingine kaipoteza.

Aprili 6
Fundi simu wa jirani kaja kuazima koleo, kanikuta nafua waya. Anasema ndani ya simu mna dhahabu kama yangu, uzi mwembamba hata nywele ni kamba, kwa sababu inapitisha umeme na haipati kutu. Daktari wa meno naye anaitaka. Nikamwambia wote mnatafuta kile kile ninachotafuta mimi, kitu kisichogeuka. Akasema kwa hilo pete inafaa kuliko simu, yeye nyuzi za simu anazibadilisha kila siku.

Jioni, Cheche alipanda juu akaziba bati la Shangazi. Hakuna aliyemtuma. Shangazi ananiambia, "Huyu kijana ana mikono."

"Naiona. Mikubwa."

"We endelea kupima mikono ya watu."

Aprili 13
Mto mzuri leo. Chiriku kapata punje kubwa kama mbegu ya nyanya, kapiga kelele hadi ndege wakaruka. Tumeitia kwenye beseni na wenzake. Sheria ni sheria.

Aprili 19
Beseni sasa halinyanyuliki na mtu mmoja. Yaani mtu wa kawaida.

Aprili 21
Nimeula wa chuya.

Niandike taratibu. Asubuhi nilikwenda na Chiriku kwa mshona nguo kupima gauni. Mvua ilikuwa inamwagika, tukakwama kwa mshonaji mpaka mchana. Tuliporudi tulikuta mlango wa karakana wazi, sakafu inang'aa, vioo vya dirisha vinapitisha mwanga ambao sijauona tangu enzi za Baba, tupa zimepangwa kwa urefu. Katikati amesimama Cheche, suruali imekunjwa magotini, tambara mkononi, anatabasamu hadi jino la mwisho.

"Karibu, Mama. Nimeona wageni wa harusi watapita humu, nikasema niwahi."

Mimi nilitazama chini ya meza. Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, jeupe, limesuguliwa.

"Humu mlikuwa na nini?" nikauliza, utadhani mimi ndiye nisiyejua.

"Maji machafu tu, Mama, na matope. Zito hilo! Nimeyamwaga pale kwenye tundu la kunawia, nikasukuma na ndoo za maji hadi yakaisha."

Chiriku alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba yale matope ndiyo dhahabu ya pete. Uso wa yule kijana ulimshuka, akalitazama beseni, akanitazama mimi. Na mimi, ambaye maneno huwa hayanipigi chenga, nilimwambia moja tu. Nilimwambia, "Toka."

Akatoka mvuani vile vile, viatu kaviacha.

Chiriku hakulia papo hapo. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, kwani alijuaje? Mimi nilidhani umemwambia, na wewe hukutaka hata kumwambia mlimani kuna nini." Kisha akalia. Kila siku kijana wa watu kauliza, na kila siku nimemjibu nusu neno, kwamba dhahabu ni ya kwetu na yeye ni wa vyuma. Sasa msimu mzima umekwenda na maji ya kuoshea sakafu, na harusi hiyo hapo, na mvua zenyewe ziko mwishoni.

Nina hasira, na hasira yenyewe sijui niielekeze wapi. Nikimfikiria Baba naona aibu.

Aprili 22
Sikufungua karakana. Mvua.

Shangazi kavikausha vile viatu jikoni bila kuniuliza.

Aprili 23
Amerudi asubuhi, amevaa kandambili, mtaimbo begani. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akasalimu, nikaitikia kwa sauti ndogo.

"Mama, naomba nikuulize swali moja tu. Safari hii naomba unijibu lote."

"Uliza."

"Dhahabu na chuma, ipi nzito?"

"Dhahabu. Mara mbili ya chuma na zaidi."

Akashusha mtaimbo. "Basi haijafika mbali. Mimi nikisaga geti, vumbi la chuma linaingia mtaroni kwangu. Mvua inapiga kila mwaka, na kila mwaka nalikuta pale pale kwenye kona ya kwanza, limeganda, halijafika hata barabarani. Yako ni nzito mara mbili. Huu mtaro wa tundu la kunawia unapita wapi?"

Nilimtazama yule mtu. Mimi ndiye niliyeinama kwenye kona za mto tangu utotoni. Mimi ndiye ninayejua kitu kizito kinatua wapi. Nilikuwa nimekaa siku nzima namlilia maiti ambaye hajafa, kwa sababu tu mto wenyewe safari hii ulipita chini ya nyumba yangu.

Mtaro ni wa Baba. Unatoka chini ya tundu, unafuata ukuta, unakata kona nyuma ya jiko, ndipo unakwenda barabarani. Umefunikwa mabamba ya zege ambayo sijawahi kuyaona yakifunuliwa. Cheche aliyafunua moja moja kwa mtaimbo, akayalaza bila kuvunja hata moja. Chiriku alikuja mbio na makarai. Shangazi aliletewa kiti, akawa anaamuru kila mtu, pamoja na mvua.

Kwenye mwanya wa kwanza hamkuwa na kitu ila sabuni. Kwenye kona, chini ya tope, palikuwa na tabaka jeusi. Nilichota, nikazungusha, nikainamisha. Kwenye ukingo wa karai ukabaki mstari mwembamba wa manjano.

Cheche alichuchumaa kando yangu. Alichukua punje moja kwenye ncha ya kidole, ile ya mbegu ya nyanya, akaiweka juu ya jiwe akaigonga kwa kichwa cha mtaimbo, polepole. Ikalala.

"Hii siyo ya kwangu," akasema. "Ya kwangu ingevunjika."

Nilicheka mbele yake kwa mara ya kwanza. Kisha nikamketisha ukingoni mwa mtaro, mvua ikinyeshea migongo yetu, nikamweleza maji ya moto, na ufa, na jiwe jeupe, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza na mdomo wazi. Akauliza kama maji hayo yana moto kushinda yanayochemka jikoni. Nikamwambia ndiyo, kwa mbali sana, lakini huko chini yamebanwa hayawezi kuchemka. Akatikisa kichwa, akasema angependa kumwona fundi aliyechomelea hiyo kazi.

Aprili 24
Tumechota. Mikono imekunjamana kama ya mzamiaji.

Aprili 25
Tumechota tena, hadi kwenye sakafu ya mtaro yenyewe. Cheche sasa anazungusha karai vizuri kuliko Chiriku. Nimemwambia Chiriku, naye kanuna kwa furaha.

Aprili 27
Mvua imekatika, jua kali. Tumeanika mchanga mweusi kwenye sinia. Cheche kaja na sumaku ya spika mbovu, akaifunga kwenye karatasi, akawa anaipitisha juu. Mchanga unaruka unashika, dhahabu inabaki imelala, haina habari na sumaku. Yaliyobaki tukayapuliza kwa pumzi. Chiriku tulimpeleka mbali asije akapiga chafya.

Ilikuwa nyingi mno. Nilijua mapema kwamba kuna jambo, nikachukua kioo cha kukuzia. Zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na punje za mto wetu, bapa, zimeviringika, zimepauka kwa ile fedha yake. Na kulikuwa na vipande vingine vyembamba, vimejikunja, vina makali, vyekunduvyekundu. Hivyo havijawahi kuona mto. Ni vumbi la tupa, dhahabu iliyotiwa shaba.

Mimi tangu nirithi karakana naongeza fedha zaidi, wateja wangu wanapenda rangi nyepesi. Wekundu ule ni wa mkono wa Baba. Miaka yote aliyofanya kazi hapa, jioni alinawa kwenye tundu lile, na chochote kilichoganda kwenye vidole vyake kilishuka chini, kikakata kona, kikatua. Kimekaa kwenye maji machafu tangu Chiriku yuko mgongoni, na kinang'aa kana kwamba amekikwangua leo asubuhi.

Nililia. Sikujificha. Chiriku alidhani kuna kitu kimepotea tena.

Aprili 29
Tumetenga na kupima. Ya mto peke yake haifiki pete, inatoa nusu yake na chembe. Nyingine nadhani iko barabarani, imerudi kwao. Ukichanganya na ya Baba inatosha na kubaki. Lakini sheria inasema ya mto tupu, bila kutiwa kitu, ya msimu huu. Nikampelekea Shangazi shauri, kwa kuwa sheria hiyo aliivaa yeye kabla yangu.

Alishika vile vipande kwenye kiganja, akavisogeza kwa kidole chake chenye pete.

"Hiyo sheria alitunga nani?"

"Baba."

"Na hii ni ya nani?"

"Ya Baba."

"Sasa unaniuliza nini? Kaka yangu alisema pete ya mtoto huyu ataifua mwenyewe, nilikuwepo. Yeye kaleta ya kwake. Changanya."

Mei 3
Tumeyeyusha. Moto nilimpa Cheche, kwa sababu moto anaujua kuliko mimi, niseme kweli. Mkono ule ule uliomwaga beseni ulishika mwali juu ya kijungu bila kutikisika. Punje zilijikusanya, zikasita, halafu ghafla zikawa tone moja linalozunguka, na huwezi tena kusema hii ya mto na hii ya Baba. Rangi yake sijawahi kuipata kwa kupima. Nilipoifua niliona pia ina ugumu kidogo kutokana na ile shaba, haitapinda ovyo kama ya kwangu.

"Lete koleo, mwanangu," nikamwambia bila kufikiri. Akaleta. Chiriku alitazama dirishani, lile safi, akajifanya hakusikia.

Mei 10
Harusi imepita. Pete ilimkaa barabara. Nimekula, nimecheza, miguu imevimba, sina la kulaumu.

Mei 13
Nyumba kimya, sina mtu wa kunipigia domo. Leo Cheche kaja kurudisha mabamba ya mtaro. Ameyalaza yote na kuyaziba kwa saruji, ila moja la kwenye kona hakulirudisha. Mahali pake katia mfuniko wa chuma aliouchomelea mwenyewe, una bawaba na mpini, unafunguka kwa mkono mmoja.

"Huu wa nini?" nikamuuliza.

Alijikuna kichwa. Kwanza alisema ni wa kusafishia. Kisha akasema, "Mjukuu wako naye ataolewa, Mama. Wewe endelea kunawa humo humo."

Alipoondoka nilikaa kazini mpaka jua likashuka. Nilikuwa nakwangua bangili ya mteja, na vidole vilijaa vumbi. Nikaenda kwenye tundu, nikafungulia maji, nikanawa polepole kidole kimoja kimoja, nikahakikisha yote yameshuka.